Kutoka Iowa hadi Arusha: Uhakiki wa Nadharia za Mitindo ya Uongozi Mahali pa Kazi kwa Kurejelea Azimio la Arusha na Mwongozo wa TANU wa 1971

Tatizo lenyewe

Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili kuhusu uongozi mahali pa kazi hukutana mapema na watu watatu: kiongozi wa kiimla, kiongozi wa kidemokrasia na kiongozi huria. Huwakuta katika vitabu vya kiada na katika hojaji, wakiwa wameorodheshwa bila kuulizwa walikotoka. Mfanyakazi huombwa aweke alama ya vema dhidi ya kauli inayomfaa mkuu wake, alama hujumlishwa, na hatimaye ofisi au kiwanda hupewa jina la mojawapo ya mitindo hiyo mitatu. Sura hii inahoji utaratibu huo. Haidai kwamba nadharia zilizotoka ng'ambo hazina nafasi katika taaluma yetu. Dai lake ni kwamba zimepokelewa bila kusomwa kwa jicho la kihakiki, ilhali mji wa Arusha, ambako ndiko chimbuko la maandishi mazito zaidi ya Kiswahili kuhusu sifa za kiongozi, umebaki kuwa mahali pa kukusanyia data tu.

Utatu huo una nasaba. Ulitokana na majaribio ya Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White yaliyochapishwa mwaka 1939, yaliyofanyika Iowa, Marekani. Waliochunguzwa walikuwa watoto wa kiume wa takriban miaka 10, waliokusanywa katika vikundi vya baada ya masomo na kupewa kazi za mikono, kama vile kutengeneza barakoa. Kila kikundi kiliwekewa mtu mzima aliyeelekezwa kutenda kwa mtindo fulani. Lewin alikuwa Myahudi aliyeihama Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka, na si ajabu kwamba swali lililomkereketa lilikuwa tofauti ya hali ya hewa ya udikteta na ile ya demokrasia. Hilo ni swali la heshima. Ila katika chumba kile cha Iowa hapakuwa na mshahara, hapakuwa na mwenye mali, wala hapakuwa na mtoto aliyeweza kufukuzwa kazi. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyofanya mahali pa kazi pawe mahali pa kazi. Tunapouhamishia utatu ule katika shamba la maua la Usa River au ofisi ya umma mjini Arusha, tunauchukua pamoja na ukimya wake kuhusu nani anamiliki, nani analipwa na nani anaweza kuondolewa.

Nadharia zilizofuata zilirekebisha mengi. McGregor (1960) alionyesha kwamba namna meneja anavyomdhania mfanyakazi, kuwa mvivu wa asili au mtu mwenye ari, huamua namna atakavyomtendea. Fiedler (1967) alisisitiza kwamba hakuna mtindo bora kwa kila hali. Burns (1978) alitofautisha uongozi wa kubadilishana, ambao ni nipe nikupe, na uongozi wa kimageuzi unaomwinua anayeongozwa pamoja na anayeongoza. Bass (1985) akaupeleka mgawanyo huo katika mashirika. Hata hivyo, zote zinaanza na kiongozi: ndiye anayedhania, ndiye anayechagua mtindo, ndiye anayeinua. Anayeongozwa huonekana pale tu anapojibu hojaji.

Kiongozi, msimamizi na nyapara

Kabla ya kuyaendea maandishi ya Arusha, ni muhimu kutazama msamiati, kwa kuwa tafsiri imefanya kazi kubwa ya kificho katika uwanja huu. Neno kiongozi limetokana na ongoza, ambalo lina uhusiano na ongoa na ongoka, yaani kunyooka na kuwa katika njia iliyo sawa. Kuongoza ni kumfanya mwingine awe njiani. Linganisha na msimamizi, anayesimama juu ya kazi ya wengine. Mtawala, mwenye dola. Na nyapara, neno lililobeba historia ya misafara, ya magereza na ya mashamba ya walowezi yaliyouzunguka Mlima Meru tangu enzi ya Wajerumani. Nyapara hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mtu wa tabaka la wafanyakazi aliyepewa daftari na sauti ya kuamrisha. Hojaji inayouliza iwapo mkuu wako "anatumia mamlaka kupita kiasi" haiwezi kuipata fikra iliyomo katika neno nyapara, kwa sababu kiini chake si kiwango cha mamlaka bali ni mamlaka ya kuazimwa, ambayo mtu huitumia dhidi ya wenzake kwa faida ya asiyekuwapo.

Neno kiongozi nalo limeshuka mitaani. Leo dereva wa bodaboda pale Kilombero humwita mteja asiyemjua "kiongozi", na mteja humjibu vivyo hivyo. Upande wa ofisi mambo yamekwenda kinyume: "ndugu", iliyokuwa anwani ya kila mtu katika vikao vya TANU, imeachia nafasi "mheshimiwa" na "bosi". Mabadiliko haya ni data. Mtafiti wa mitindo ya uongozi anayeyapuuza anapoteza ushahidi ambao hauhitaji hata hojaji.

Azimio kama nadharia ya makatazo

Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa rasmi tarehe 5 Februari. Linasomwa kwa kawaida kama tamko la uchumi: kutaifisha njia kuu za uzalishaji na kujitegemea. Sehemu yake ya mwisho, ile ya masharti ya uongozi, huchukuliwa kuwa kiambatisho cha kinidhamu. Tunaona kwamba sehemu hiyo ndiyo nadharia ya uongozi iliyo kamili zaidi katika waraka mzima, na kwamba muundo wake wa lugha unastahili uhakiki wa kina.

Jambo la kwanza ni kwamba nadharia hiyo imeandikwa kwa ukanushi. Mbali na sharti kwamba kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, na asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila, mengine yanasema asichokuwa nacho: hisa katika kampuni, ukurugenzi wa kampuni binafsi, mishahara miwili au zaidi, nyumba za kupangisha. Hakuna neno kuhusu maono, hamasa wala uwezo wa kushawishi, mambo ambayo nadharia ya kimageuzi huyaona kuwa roho ya uongozi. Kiswahili kiliyaita masharti hayo miiko, na uteuzi huo wa neno si wa bahati. Mwiko, kwa maana isiyo ya jikoni, ni katazo ambalo hutii si kwa kuwa umeelezwa faida yake, bali kwa kuwa ukilivunja unajitenga na jamii yako. Kanuni ya maadili humwachia mtu nafasi ya kujieleza. Mwiko ukishavunjwa, umevunjwa.

Jambo la pili limepitwa karibu na kila mhakiki, nalo linanishangaza kila ninapolisoma. Azimio linapofafanua kiongozi ni nani, baada ya kutaja wajumbe wa Halmashauri Kuu, mawaziri, wabunge, wakuu wa mashirika ya umma na watumishi wa serikali wa ngazi ya juu na ya kati, linaongeza kwamba neno hilo lina maana ya mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa, awe mume au mke. Kiongozi hapa si mtu mmoja. Ni kaya. Waandishi walijua kwamba nyumba ya kupangisha inaweza kuandikwa kwa jina la mke, na hisa kwa jina la mume. Nadharia zote zilizotajwa hapo juu, kuanzia Lewin hadi Bass, zinamchukulia kiongozi kuwa nafsi moja inayoanza kuwapo inapoingia ofisini na kukoma inapotoka. Mtu anayezijua ofisi zetu, pamoja na zabuni zake na kampuni za kuuza vifaa zilizosajiliwa kwa majina ya ndugu, atakubali kwamba katika hili waraka wa 1967 uliona mbali zaidi.

Kifungu cha 15

Mwongozo wa TANU ulitolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda na miezi michache baada ya Wareno kuivamia Guinea mnamo Novemba 1970. Muktadha huo una uzito wa kinadharia. Swali ambalo nadharia za menejimenti huuliza ni: kiongozi wa aina gani ataongeza uzalishaji? Swali la Mwongozo lilikuwa jingine: kiongozi wa aina gani atafanya wananchi wasione sababu ya kuilinda nchi yao? Jibu likawa ni yule anayewadharau. Kwa hiyo kifungu cha 15 kilihama kutoka mali ya kiongozi, iliyokuwa shabaha ya Azimio, kwenda kwenye mwenendo wake kwa watu: kikakataza majivuno, ufahari, dharau na uonevu. Kutoka kile alicho nacho, nadharia ikahamia kwenye namna anavyosema na mtu aliye chini yake.

Mwaka mmoja kabla, Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulikuwa umeagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mabaraza hayo yalikuwa ya ushauri, na wafanyakazi wa kawaida hawakuwa na sauti ya mwisho ndani yake. Kikombe kilikuwapo, lakini kilikuwa kitupu. Mwongozo ulikijaza kitu ambacho huenda waandishi wake hawakukikusudia: kipimo ambacho mfanyakazi angeweza kukitumia mwenyewe, bila mtaalamu, juu ya meneja wake. Kama tafiti za Shivji (1976) na Mihyo (1983) zinavyoonyesha, kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, waligoma au waliwafungia milango mameneja, wakikitaja kifungu cha 15 kuwa ndio msingi wao. Madai ya mshahara yalikuwapo, lakini yaliyojitokeza kwa nguvu mpya ni malalamiko ya matusi, kebehi na uonevu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, kilichokuwa cha mtu binafsi, walikitwaa na kuanza kukiendesha wenyewe.

Sasa tuyaweke haya kando ya takwimu moja mashuhuri. Geert Hofstede alikusanya data zake za utamaduni kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni ya IBM kati ya 1967 na 1973. Hii ni miaka ileile: ilianza na Azimio ikaishia na Mount Carmel. Katika uchambuzi uliofuata kitabu chake cha 1980, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia ziliunganishwa kuwa eneo moja liitwalo Afrika Mashariki, nalo likapewa alama 64 katika kipimo cha umbali wa mamlaka, kipimo ambacho kinaanzia 11 kwa Austria na kufika 104 kwa Malaysia. Alama hiyo imekuwa ikisomwa kwamba mfanyakazi wa Afrika Mashariki huona ni jambo la kawaida mkuu wake kuwa mbali naye na juu yake. Yaani katika miaka ambayo wafanyakazi wa Tanzania waliwazuia mameneja kuingia kiwandani kwa kosa la dharau, nadharia ilikuwa inaandika kwamba watu hawa wameizoea dharau.

Mtu anaweza kutetea takwimu hiyo, na utetezi wake si dhaifu. Kwanza, kipimo cha Hofstede kinauliza zaidi iwapo watu wanaogopa kupingana na wakuu wao, si iwapo wanafurahia kudharauliwa. Pili, woga wa kila siku na mlipuko wa siku moja vinaweza kukaa katika kiwanda kimoja. Asiyeweza kumjibu meneja Jumatatu ndiye anayemfungia mlango Ijumaa. Hoja hii ya pili ni nzuri, lakini inashindwa kueleza umbo la migomo ile. Wafanyakazi hawakulipuka kwa hasira isiyo na maneno. Walisoma maandishi, wakataja kifungu kwa namba, wakalinganisha mwenendo na katazo, wakatoa hukumu. Huo ni uhakiki, kwa maana kamili ya neno. Aidha, kuwaunganisha wafanyakazi wa ofisi za kampuni moja ya kimataifa katika nchi nne, moja ikiwa bado milki ya kifalme ya Haile Selassie na nyingine ikiwa katika Ujamaa, kisha kuwapa namba moja, ni kosa la kimbinu ambalo mtahini yeyote angelikataa kama lingefanywa na mwanafunzi. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, wa House na wenzake (2004), ulihusisha jamii 62 duniani, lakini Tanzania haikuwamo.

Waarusha, Wameru na kiongozi asiyeamuru

Ingekuwa rahisi hapa kusema kwamba mapokeo ya Kiafrika yalikuwa ya kidemokrasia tangu asili. Sisemi hivyo. Inatosha kutazama wakazi wawili wa miteremko ya mlima huu. Gulliver (1963) alieleza jinsi Waarusha walivyotatua migogoro yao katika miaka ya 1950 kupitia rika, koo na mitaa, ambapo laigwanan, msemaji wa rika, alikuwa na uzito mkubwa bila kuwa na mamlaka ya kutoa amri. Nguvu yake ilikuwa kauli: aliyeweza kuisema hoja ya wenzake vizuri kuliko wao wenyewe alisikilizwa. Hakuna kisanduku katika utatu wa Lewin kinachomfaa mtu huyu. Si wa kiimla, kwa kuwa haamuru. Si huria, kwa kuwa hakai kimya. Na kumwita wa kidemokrasia ni kumnyang'anya daraja la umri lililompa nafasi yenyewe.

Kwa Wameru, waliokuwa na Mangi na washili, tukio la 1951 lilizaa uongozi wa namna nyingine. Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao igawiwe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kwa niaba ya Umoja wa Raia wa Meru, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa jijini New York kuwatetea. Ombi hilo halikuirudisha ardhi wakati ule, lakini kisa chenyewe, alichokisimulia pamoja na wakili Earle Seaton katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1967, kinatupa kiongozi ambaye cheo chake chote kilikuwa kutumwa. Hakuwa Mangi. Alitumwa na watu, akasema waliyomtuma, akarudi kutoa taarifa.

Nataja hili kwa sababu ya nadharia nyingine inayopendwa sana siku hizi katika semina za Arusha, za kanisani na za kiserikali: ya kiongozi mtumishi, iliyoasisiwa na Greenleaf (1970). Kwa Kiingereza jina hilo lina mshtuko, kwa kuwa linamweka bwana katika nafasi ya mtumishi wa nyumbani. Kwa Kiswahili mshtuko umepotea njiani. Mtumishi tayari ni cheo: mtumishi wa umma, mtumishi wa Mungu. Mchungaji anaposalimiwa "Bwana asifiwe, mtumishi", hajashushwa, amepandishwa. Meneja anayejiita kiongozi mtumishi kwa Kiswahili hapotezi kitu. Fikra ya Greenleaf ingefikishwa vizuri zaidi na kitenzi tuma chenyewe katika hali ya kutendwa, kama kilivyokuwa kwa Kirilo Japhet: kiongozi aliyetumwa. Kitenzi hicho kinadai swali linalofuata, nani aliyekutuma, na swali hilo ndilo ambalo semina hulikwepa.

Upungufu wa Mwongozo

Itakuwa si haki kuhakiki nadharia za ng'ambo kwa ukali na kuiachia ya kwetu ipite. Mwongozo una mapengo makubwa, na matatu kati yake yanahusu mahali pa kazi moja kwa moja.

Ulimpa mfanyakazi kipimo bila kumpa utaratibu. Ulisema dharau ni haramu, lakini haukusema malalamiko yapelekwe wapi, yasikilizwe na nani, na meneja ajitetee vipi. NUTA, chama pekee cha wafanyakazi tangu 1964, kilikuwa karibu mno na serikali kuweza kuwa msuluhishi wa kweli. Matokeo yake hukumu na adhabu zilitolewa mahali pamoja, langoni mwa kiwanda. Dola nayo ilipochoka, ilirudi kwenye lugha ya nidhamu na uzalishaji, na katika baadhi ya viwanda waliogoma wakapoteza kazi. Waliokuwa wamesoma kifungu wakajikuta wakisomewa kifungu kingine.

Pengo la pili ni la mipaka ya neno kiongozi. Kwa kuwa miiko ilimfuata mtu kupitia chama au utumishi wa umma, haikumfikia kwa urahisi meneja wa kigeni. Arusha ina mfano wake. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichoanza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilikuwa cha ubia: serikali ilikuwa na hisa nyingi kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, na kampuni ya Marekani ikawa mbia mwenye ufundi. Katika karakana ya namna hiyo msimamizi Mtanzania alibanwa na miiko, lakini mtaalamu aliyekuja na mkataba wa ubia hakuwa kiongozi kwa tafsiri ya Azimio. Alikuwa na mamlaka ya kuongoza bila kuwa kiongozi. Kiwanda kilisimama katika muongo wa 2000, na mjadala kuhusu kufa kwake umekuwa wa mtaji na mikopo. Suala la nani alikuwa anawajibika kwa nani ndani yake limebaki bila kuandikiwa utafiti unaostahili.

La tatu, Mwongozo ulitegemea chama kimoja kuwa na macho kila mahali. Mwaka 1991, kwa uamuzi wa Halmashauri Kuu ya CCM uliokuja kujulikana kama Azimio la Zanzibar, miiko ililegezwa: mwanachama akaruhusiwa hisa, mshahara zaidi ya mmoja na nyumba za kupangisha. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Tazama neno lilivyobadilika. Miiko ikawa maadili. Katazo likawa tamko. Kiongozi haulizwi tena kwa nini anamiliki, anaulizwa kama amejaza fomu. Nyerere aliyapinga mengi ya zama hizo katika kijitabu chake *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, lakini hata yeye, aliyekuwa ameandika *Tujisahihishe* mwaka 1962 akiwataka wanachama wakosoane, hakurudi kwenye swali la kiwandani. Huenda ndiyo sababu mabadiliko ya baadaye ya utumishi wa umma, ukiwamo Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi ulioanza mwaka 2004, yalimpima aliye chini kwa makini sana na kumpima aliye juu kwa nadra. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya mkuu kumpa alama mfanyakazi. Mfanyakazi kumpa alama mkuu kwa kosa la kauli, kama ilivyowezekana 1971, haikuwamo.

Kutoka uhakiki hadi kipimo

Ikiwa hojaji ya utatu haitoshi na Mwongozo una mapengo, mtafiti aende na nini uwandani? Pendekezo la utafiti huu ni kuchukua mambo mawili kutoka Arusha na jambo moja kutoka ng'ambo. Kutoka kwa Azimio, tuchukue kaya kuwa kizio cha uchambuzi: tuulize si tu namna mkuu anavyotoa maamuzi bali nani nyumbani kwake ananufaika na maamuzi hayo. Kutoka kwa Mwongozo, tuchukue kauli: anwani, salamu, namna ya kukosoa, na kama makosa yanasemwa faraghani au mbele ya watu. Salamu peke yake ina mengi. Meneja wa miaka 30 anayempa shikamoo mlinzi wa miaka 60 kila asubuhi, kisha akamsainia barua ya onyo mchana, anaishi katika ngazi mbili za mamlaka zinazopingana, na hakuna alama 64 inayoweza kuzibeba zote mbili. Kutoka kwa Fiedler tuchukue sisitizo la hali.

Uwanda unaoyaonyesha haya kwa uwazi ni msafara wa kupanda Mlima Meru. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, msafara hutembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na wanyama wengine. Yupo pia mwongoza watalii, mpishi, na wapagazi, ambao katika kazi hiyo huitwa wagumu. Kati ya lango la Momella na kibanda cha Miriakamba, neno la askari ndilo la mwisho, ingawa si yeye aliyeajiri mtu yeyote pale. Usiku wa kuelekea kileleni kutoka kibanda cha Saddle, uamuzi wa nani arudi na nani aendelee humwangukia mwongozaji. Na njiani, mgumu mwenye umri mkubwa anaweza kumrekebisha mwongozaji kijana, ilimradi ajue namna ya kusema. Mamlaka hubadilisha mikono mara kadhaa katika siku tatu au nne, bila kikao na bila barua. Mtu akiuliza kama msafara huo ni wa kiimla au wa kidemokrasia, jibu litategemea ameuliza wakiwa mita ngapi juu ya usawa wa bahari.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakibadiliki kwa mwinuko: tipu. Fedha anayoitoa mgeni mwishoni mwa safari hupitia mikononi mwa mtu mmoja kabla ya kuwafikia wengine, na mgawanyo wake ndio unaojadiliwa na wagumu muda mrefu baada ya mgeni kuondoka. Hapo mali na kauli, Azimio na Mwongozo, vinakutana katika bahasha moja. Sura inayofuata inaanzia langoni, pale bahasha inapofunguliwa, na kuchambua maneno yanayosemwa na yule anayeigawa pamoja na yale yanayosemwa naye anapokuwa ameshaondoka.